Lord Cardigan: kosa lake haliko pale linapotafutwa

Tarehe 25 Oktoba 1854, saa tano na dakika chache asubuhi, Meja Jenerali James Brudenell wa jeshi la Uingereza, Earl (cheo cha kikabaila) wa 7 wa Cardigan, alimgeuza farasi wake Ronald kuelekea mashariki, akawaongoza wapanda farasi wapatao 670 kushuka bonde lililozungukwa na mizinga ya Warusi pande tatu. Haikutimia nusu saa kila kitu kilikuwa kimekwisha. Walioitikia majina wakiwa bado juu ya farasi walikuwa 195.

Ukimtajia mtu kisa hiki cha Balaklava, huko Crimea katika vita vya Uingereza na Urusi, atakujibu haraka: kabaila mpumbavu aliwapeleka vijana wa watu machinjoni. Jibu hilo ni tamu mdomoni, ila ushahidi haulibebi. Amri hakuitunga yeye. Alipoipokea alionyesha hatari yake kwa maneno yaliyosikika, kisha akatangulia mbele ya askari wake wote. Makosa yake yapo, tena mengi, lakini yako kabla ya saa tano ile na baada yake. Halafu lipo swali lililo kubwa kuliko yeye: mtu ambaye hakuwahi kuona vita hata siku moja alikabidhiwaje brigedi akiwa na miaka 56? Swali hilo jibu lake lina bei, na orodha ya bei ilikuwa ya serikali.

Ngazi ya kununuliwa

Brudenell alizaliwa Oktoba 1797, mtoto wa kiume pekee katika nyumba iliyojaa mabinti, mrithi wa mali na cheo. Alisoma Harrow, akaingia Oxford, akatoka bila shahada. Mwaka 1818 alikuwa tayari mbunge wa Marlborough, jimbo lililokuwa mkononi mwa jamaa yake, kwa hiyo kura haikumkosesha usingizi. Jeshini aliingia Mei 1824 akiwa na miaka 26, umri ambao maofisa wengi walikuwa wameshakaa kazini miaka minane au tisa.

Wakati huo cheo cha ofisa wa askari wa miguu au wapanda farasi kilikuwa mali ya mtu, kama shamba au fremu ya duka. Kwa vikosi vya kawaida vya farasi serikali ilipanga hivi: koneti, yaani ofisa wa ngazi ya chini kabisa, pauni 840, luteni 1,190, kapteni 3,225, meja 4,575, luteni kanali 6,175. Anayepanda hakulipa upya bei nzima. Aliuza cheo cha chini na kuongeza tofauti: kutoka koneti hadi luteni pauni 350, luteni hadi kapteni 2,035 (hapa ndipo wengi walipokata pumzi), kapteni hadi meja 1,350, meja hadi luteni kanali 1,600. Juu ya hapo hapakuuzwa kitu. Kuanzia kanali watu walipanda kwa foleni ya ukongwe.

Nafasi ikitokea kikosini, aliulizwa kwanza ofisa mkongwe wa ngazi iliyo chini yake. Kama hana hela, aliulizwa anayemfuata, na hivyo kapteni wa miaka ishirini kazini aliweza kurukwa na kijana wa juzi. Anayestaafu aliuza, na fedha hiyo ndiyo iliyokuwa kiinua mgongo chake. Akifa vitani, kwa kawaida fedha ilikufa naye. Akifukuzwa kwa hukumu ya mahakama ya kijeshi, vivyo hivyo. Wapiga mizinga na wahandisi hawakuuziwa vyeo hata kidogo. Waingereza walijua kabisa kwamba daraja lililopimwa vibaya haliangalii ukoo wa aliyelipima.

Utetezi wa mfumo huu ulikuwa wa kisiasa zaidi ya kijeshi. Karne ya 17 jeshi la Cromwell liliitawala Uingereza, na wenye mali hawakusahau. Waliona ni salama jeshi liongozwe na watu wenye mengi ya kupoteza nchi ikivurugika. Hoja hiyo haikuwa ya kijinga. Ilinunua utulivu, na gharama yake ilikuwa kupata makamanda wasiojua kazi, gharama isiyoonekana mpaka vita vije. Baada ya Waterloo mwaka 1815 vita vikubwa vya Ulaya havikuja kwa miaka karibu 40.

Juu ya bei ya serikali kulikuwa na kilemba. Sheria ilikikataza, na vikosi vya fahari vilikilipa kama kawaida. Kadiri kikosi kilivyokuwa na jina na sare nzuri, ndivyo kilemba kilivyonona.

Sasa mtazame Brudenell. Koneti Mei 1824, luteni Januari 1825, kapteni Juni 1826, meja Agosti 1830, luteni kanali Desemba 1830. Ngazi yote kwa miaka sita na miezi saba. Hapo akawa na cheo bila kikosi, kwa kile kilichoitwa nusu mshahara. Ili apate kikosi ilimbidi abadilishane nafasi na luteni kanali aliye kazini, na penye kubadilishana ndipo kilemba kilipokaa. Machi 1832 alikabidhiwa Kikosi cha 15 cha Hussar, yaani wapanda farasi wepesi. Ilisemwa wakati ule kwamba alitoa pauni 35,000, karibu mara sita ya bei ya serikali.

Kile ambacho hela haikununua

Hakukaa nacho miaka miwili. Mwishoni mwa 1833, kikosi kikiwa Ireland, alimshtaki Kapteni Augustus Wathen mbele ya mahakama ya kijeshi mjini Cork. Ugomvi ulianzia kwenye mambo madogo, likiwemo suala la jaketi za kazi za zizini ambazo askari walitozwa. Kilichomwangusha mshtaki ni namna alivyokusanya ushahidi: aliweka watu wa vyeo vya chini kuandika kwa siri maneno ambayo maofisa wake waliyasema wakizungumza naye. Wathen aliachiwa kwa heshima zote, na Februari 1834 Brudenell akaondolewa kwenye ukamanda.

Katika jeshi lenye akili faili lingefungwa hapo. Lakini dada yake Harriet alikuwa ameolewa na Earl Howe, msimamizi wa nyumba ya Malkia Adelaide, na mlango wa Mfalme William IV haukuwa mbali. Machi 1836 Brudenell akapewa kikosi kingine, cha 11, kilichokuwa India. Safari hii watu walitaja pauni 40,000. Alisafiri hadi India, akawinda, akakaa na askari wake wiki chache tu, kisha akarudi nyumbani. Mwaka 1837 baba yake akafariki naye akawa Earl wa Cardigan, mwenye kipato kilichokadiriwa pauni 40,000 kwa mwaka.

Kikosi kilipofika Uingereza mwaka 1838 kilikuwa na maofisa wa namna mbili. Walikuwepo wenye hela. Walikuwepo pia waliotumikia India miaka mingi kwa sababu huko maisha yalikuwa rahisi: matajiri wakipangiwa India walilipa wabadilishwe, wasio na kitu wakabaki, na hao ndio waliojifunza kazi. Cardigan aliwataka watoke. Alitumia pauni 10,000 kwa mwaka za mfukoni kukipamba kikosi kwa farasi wazuri na sare za kubana. Mwaka 1840, baada ya kumsindikiza Prince Albert kutoka Dover kwenda Canterbury, kikapewa jina la mwanamfalme huyo pamoja na suruali za rangi ya damu ya mzee. Kikosi kilipendeza kweli. Wajuzi wa gwaride walikubali hivyo.

Mei mwaka huohuo ukatokea mkasa wa chupa nyeusi, ambao peke yake unatosha kumweleza mtu huyu. Mgeni mezani aliomba mvinyo wa Moselle, Kapteni John Reynolds, mmoja wa wale wa India, akauagiza, nao ukaletwa ndani ya chupa yake nyeusi badala ya kumiminwa kwenye chombo cha kioo. Cardigan akaiona, akadhani ni bia nzito waliyoinywa maofisa hao waliotoka India, aliyokuwa ameipiga marufuku. Siku ya pili akatuma karipio kwamba meza ya maofisa si kilabu cha pombe. Reynolds akajibu, akawekwa chini ya ulinzi. Magazeti yalipopata habari, nchi nzima ikawa inaulizana juu ya chupa.

Aliyefuata ni Harvey Tuckett, kapteni aliyekwisha kutoka kikosini, ambaye aliyaandika gazetini matusi ya Cardigan kwa maofisa wake. Cardigan akamwita kwenye pambano la bastola. Walikutana Wimbledon Common tarehe 12 Septemba 1840, hatua kumi na mbili kati yao. Risasi za kwanza zilikosa, za pili zikampata Tuckett. Msaga nafaka wa hapo jirani, ambaye pia alikuwa konstebo wa parokia, aliona yote akawakamata.

Kwa kuwa mshtakiwa alikuwa lodi, alisikilizwa na malodi wenzake bungeni, Februari 1841. Ilibainika kwamba bastola zake zilikuwa na mifereji ya siri ndani ya mtutu, jambo lililoipa risasi shabaha na ambalo waungwana waliliona ni hila. Hayo hayakumgusa. Hati ya mashtaka ilisema aliyepigwa risasi ni Harvey Garnett Phipps Tuckett. Ushahidi ulioletwa, ikiwemo kadi iliyochukuliwa pale uwanjani, ulimtaja Kapteni Harvey Tuckett. Wakili wa utetezi, Sir William Follett, akasimama na kuuliza: nani amethibitisha kwamba hao ni mtu mmoja? Hakuna aliyethibitisha. Malodi wakasimama mmoja mmoja, mkono kifuani, wakasema hana hatia kwa heshima yao. Kesi ya jinai ikafa kwa majina mawili ya katikati.

Miezi miwili baadaye, Jumapili ya Pasaka, katika kambi ya Hounslow, askari wake mmoja alichapwa mijeledi 100 mara tu baada ya ibada. Adhabu ilikuwa halali. Siku ndiyo iliyowachefua watu, na wakubwa wakamkemea kwa maneno, basi.

Maneno manne ya karatasi moja

Vita na Urusi vilipokuja mwaka 1854, Cardigan akapewa Brigedi Nyepesi ya wapanda farasi. Divisheni nzima ya farasi akapewa Lord Lucan, shemeji yake, mume wa dada yake Anne. Wawili hawa hawakupatana kwa muda mrefu, na ndoa yenyewe ilikuwa imevunjika mwaka huohuo. Juu yao alikaa Lord Raglan, mzee mpole aliyepoteza mkono Waterloo, ambaye hakupenda kumuudhi mtu. Mwenye familia kubwa anaelewa bila kuambiwa zaidi: shemeji wawili wasiosalimiana na mjomba asiyetaka ugomvi. Tofauti ni kwamba hapa kila neno lisilosemwa lilikuwa na uzito wa maisha ya watu.

Asubuhi ya Oktoba 25 Warusi waliteka maboma madogo juu ya mwinuko unaogawanya uwanda wa Balaklava kuwa mabonde mawili. Maboma hayo yalilindwa na askari wa Dola ya Uturuki, washirika wa Waingereza pamoja na Wafaransa, na ndani yake ilikuwemo mizinga ya Kiingereza. Raglan alikuwa juu ya vilima vya Sapouné, takribani mita 200 juu ya uwanda, akiona kila kitu kama anayetazama bao la mchezo. Lucan na Cardigan walikuwa chini, kwenye mdomo wa bonde la kaskazini. Mwinuko ule uliwazibia. Maboma na waliokuwemo hawakuyaona.

Raglan alianza na amri, ya tatu siku hiyo, kwamba wapanda farasi wasonge na kutumia nafasi yoyote kuurudisha mwinuko, wakisaidiwa na askari wa miguu walioagizwa. Lucan aliielewa kwamba asubiri hao wa miguu. Akasubiri dakika arobaini hivi. Juu kilimani mtu akasema Warusi wanafunga kamba wakokote mizinga, na mizinga iliyotekwa ni aibu isiyofutika kwa jeshi la enzi hizo. Ndipo Jenerali Airey, msaidizi wa Raglan, akaandika amri ya nne kwa penseli. Kwa Kiswahili inasema: Lord Raglan anataka wapanda farasi wasonge haraka mbele, wamfuate adui, wajaribu kumzuia asiondoke na mizinga, kikosi cha mizinga ya farasi kinaweza kuandamana nao, wapanda farasi Wafaransa wako kushoto kwenu, mara moja.

Isome ukiwa kilimani na haina shida. Isome ukiwa bondeni, na kila neno linateleza. “Mbele” ni wapi? Mbele ya macho ya Lucan kulikuwa na bonde. “Mizinga” ipi? Mizinga pekee iliyoonekana kutoka pale ilikuwa ya Warusi, imepangwa kilomita mbili mwisho wa bonde. “Adui” yupi, wakati wako kulia, kushoto na mbele? Na neno “mwinuko”, ambalo lingemaliza utata wote, lilikuwa kwenye amri ya tatu. Raglan aliamini amri ya nne inaendeleza ya tatu. Lucan aliipokea kama amri mpya. Neno la nne lililoharibu kazi ni “mara moja”, kwa sababu lilifunga mlango wa kutuma mtu kuuliza.

Aliyeipeleka ni Kapteni Louis Nolan, mpanda farasi hodari aliyeweza kushuka ule mteremko mkali upesi kuliko wengine. Alikuwa pia mtu aliyewadharau Lucan na Cardigan wazi kwa kukalisha farasi tangu vita vianze. Lucan alipouliza ashambulie nini, Nolan alinyoosha mkono na kusema, kwa sauti isiyo ya kapteni kwa jenerali: adui wako yule pale, bwana, na mizinga yako ile pale. Kwa maelezo ya Lucan, mkono ulielekea mwisho wa bonde. Nolan hakuishi kutoa maelezo yake.

Lucan akamwendea Cardigan. Cardigan akasema ndiyo, ila naomba nikuonyeshe kwamba Warusi wana mizinga mbele yetu bondeni, na mizinga na bunduki pande zote mbili. Lucan akajibu kwamba anajua, lakini Raglan anataka hivyo, hawana hiari ila kutii. Pengine huo ndio wakati pekee mwaka ule mzima shemeji hawa walipokubaliana. Laiti wangekuwa watu wa kuzungumza, mmoja wao angeuliza: tumeambiwa mizinga ipi? Maswali mawili ya watu wanaoaminiana yangechukua dakika moja. Wao walisalimiana kwa panga na kuachana.

Safu ya kwanza ikawa kikosi cha 13 na cha 17, nyuma yake cha 11, kisha cha 4 na cha 8. Walianza kwa mwendo wa kutembea, wakaingia telki. Hawakuwa wamefika mbali Nolan akakata mbele ya mstari, akipiga kelele na kupunga upanga. Kama alikuwa anataka kuwageuza waelekee mwinuko au alipandwa na munkari tu, wanahistoria wanabishana hadi leo. Kipande cha kombora kilimpiga kifuani, akawa wa kwanza kufa. Cardigan alikwenda njia yote akiwa amekasirika kwamba kapteni yule amethubutu kumpita.

Hapo chini, kwa ufundi, hakukosea. Wapanda farasi wakianza shoti mapema, wanafika wametawanyika na farasi wameishiwa. Alishika telki chini ya moto mpaka karibu na mizinga, na Kapteni White wa kikosi cha 17 alipoanza kumkaribia, alimwekea ubapa wa upanga kifuani bila kugeuka, akamwambia asiongeze mwendo. Safu ilifika ikiwa safu. Wafaransa, kwa shambulio safi la wapanda farasi wao walioitwa Chasseurs d'Afrique, waliinyamazisha mizinga ya upande wa kushoto, vinginevyo wangerudi wachache zaidi. Lucan naye aliona yanayotokea akakisimamisha kikosi kizito kilichokuwa kifuate.

Kabla na baada

Kosa la kwanza la siku hiyo lilikuwa mapema zaidi. Kitambo kabla ya amri ya nne, wapanda farasi wazito wa Jenerali Scarlett, wa divisheni ileile ya Lucan, wakiwa wachache, waliwapiga Warusi wengi kuliko wao na kuwavuruga. Brigedi ya Cardigan ilikuwa mita mia chache tu, ubavuni mwa adui anayekimbia. Kapteni Morris wa kikosi cha 17 alimsihi ashambulie. Akakataa, akisema Lucan alimwamuru alinde nafasi ile. Nafasi ya namna hiyo ndiyo sababu ya kuwepo kwa wapanda farasi wepesi. Kamanda aliyejifunza kazi vitani angeinusa.

Kosa la pili ni la mizingani. Alipita katikati ya mizinga, akakutana na wapanda farasi wa Kirusi, akatambuliwa na Prince Radziwill aliyewahi kuonana naye London, akaponyoka. Kisha akageuza farasi akarudi peke yake, huku safu zake za nyuma zikiwa bado zinapigana kule mwisho. Baadaye alieleza kwamba si kazi ya jenerali kupigana katikati ya askari wa kawaida. Sawa, ila ni kazi yake kuwakusanya na kuwatoa. Hilo lilifanywa na makanali wa vikosi. Aliporudi aliwaambia waliosalia kwamba ule ni wazimu lakini kosa si lake. Mmoja wao akamjibu kwamba wako tayari kwenda tena. Waliokufa walikuwa kama 110, majeruhi kama 160, na farasi zaidi ya 300 hawakurudi kazini. Usiku ule alilala kwenye chombo chake cha anasa, Dryad, kilichotia nanga bandarini Balaklava, baada ya kuoga na chupa ya shampeni.

Kosa la tatu halina wimbo wala picha ya rangi, na kwa hesabu ya farasi ni zito sana. Wakati wa kiangazi alikuwa ameshawachosha wanyama kwa safari ya siku 17 huko Dobrudja kuwatafuta Warusi waliokwisha kuvuka Danube. Karibu farasi 100 waliharibika, na askari wakaiita safari ya migongo yenye madonda. Kisha Novemba, brigedi ikiwa kambini juu ya matope, chakula cha farasi kikakoma kufika. Idara ya ugavi ilisema shayiri ipo Balaklava, brigedi itume sehemu ya farasi wake wakaichukue. Cardigan alikataa. Farasi wakaanza kutafunana mikia. Tume ya McNeill na Tulloch iliyoripoti mwaka 1856 ilimtaja yeye na Lucan kwa uzembe huo.

Yeye alikuwa ameondoka Crimea Desemba 1854 kwa ugonjwa, akapokewa Dover kwa shangwe, akafanywa Mkaguzi Mkuu wa Wapanda Farasi, na sweta la vifungo mbele likaanza kuuzwa kwa jina lake. Lucan ndiye aliyerudishwa nyumbani kwa lawama. Mwaka 1863 Cardigan alimfikisha mahakamani Luteni Kanali Calthorpe, aliyeandika kwamba hakufika kwenye mizinga. Alishindwa kesi, ingawa viapo vya askari waliokuwepo vilionyesha kwamba alifika. Kwa ajabu hiyo, jambo moja alilosingiziwa ndilo aliloshindwa kulifuta.

Alikufa Machi 1868, nyumbani kwake Deene Park, baada ya kuanguka kutoka kwenye farasi. Tarehe 1 Novemba 1871 ununuzi wa vyeo ulifutwa kwa waranti ya malkia, baada ya malodi kuugomea muswada wa waziri Edward Cardwell. Ofisa aliyekuwa amenunua alifidiwa akistaafu: bei ya serikali, na juu yake kilemba, kile ambacho sheria ya nchi ilisema hakuna anayelipa.